Hiari ya Mrukaji: Tarehe ya Kuchagua Mwavuli wa Angani

André-Jacques Garnerin, Mfaransa, alipopaa kwa baluni ya haidrojeni kutoka bustani ya Monceau mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, hakuwa na mwavuli wa pili wa kuulinganisha na ule uliokuwa umefumbwa juu ya kapu lake, wala hapakuwa na muuzaji wa kumwuliza, wala mtu aliyemtangulia katika kimo kile ambaye angeweza kumwambia chombo cha namna ile hufanya nini kikiachiliwa karibu mita 1,000 juu ya ardhi. Alikuwa na hariri yenye upana wa kiasi cha mita 7, mti wa katikati, kamba zilizounganisha ukingo wa hariri na kapu, na kisu. Alipoikata kamba ya baluni hariri ilifunuka, na papo hapo kapu likaanza kuyumba huku na huku kwa nguvu iliyowatia hofu watazamaji wote waliokuwa wameinua nyuso zao. Walakini alitua, akatoka kapuni mzima. Sababu ya kuyumba kule ni kwamba hewa iliyonaswa chini ya kuba haikuwa na njia ya kutokea, basi ikawa yatoroka mara kwa ukingo huu, mara kwa ukingo ule, na kila itorokapo huuinua upande mmoja na kuuinamisha wa pili. Mwanafalaki Jérôme Lalande ndiye asemwaye kuwa alitoa shauri la kutoboa tundu kileleni, ili hewa ipate mlango wake wa halali, na tundu hilo likautuliza mwavuli.

Mimi nalihesabu tundu lile kuwa ndio mwanzo wa tarehe ninayotaka kuisimulia, kwa kuwa hapo ndipo mwavuli mmoja ulipopimwa na kuonekana bora kuliko mwingine, si kwa uzuri wa hariri yake, wala kwa wingi wa watu waliokuja kuutazama, bali kwa tabia yake ukiwa hewani. Lakini ilichukua muda mrefu mno, zaidi ya karne na nusu, kabla mtu wa kawaida hajapata hiari ya kuchagua. Katika muda huo wote mrukaji alichukua alichopewa, na swali lake lilikuwa moja tu: utafunuka, au hautafunuka? Swali la pili, ambalo ndilo limfaalo mnunuzi, yaani ukiisha kufunuka ni nani atakayeuongoza, na kwa maarifa gani, limekuja juzi juzi, nalo limelipiwa kwa roho za watu waliokuwa hodari na wapenzi wa kazi yao.

Mapema sana ilidhihirika kwamba sifa moja ya mwavuli huweza kuiua sifa nyingine. Robert Cocking, mchoraji wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 61, alikuwa amesoma hoja ya Sir George Cayley kwamba mwavuli wenye umbo la pia, ncha chini na mdomo juu, hautayumba kama ulivyoyumba ule wa Garnerin. Akautengeneza, na tarehe 24 Julai 1837 akapandishwa nao kutoka bustani ya Vauxhall, London, chini ya baluni ya Charles Green. Hoja ya Cayley ilikuwa sahihi. Taksiri ilikuwa katika mizani: ili umbo lile lisimame sharti liwe na pete na miti ya kulitanua, na chombo kizima kilizidi uzito wa ratili 200, nacho kilipoachiliwa kilikunjamana na kuvunjika hewani, na Cocking akafa. Aliutaka utulivu, akaupata katika karatasi. Asichokiweka katika hesabu ni bei ya utulivu ule. Kila mtu aliyesimama baada yake mbele ya miavuli miwili, asijue auchukue upi, alikuwa na jambo lile lile mbele yake, ajapokuwa hajalisikia jina la Cocking.

Baada ya hapo mwavuli uliingia mikononi mwa majeshi, na majeshi hayana desturi ya kumwuliza mtu apendacho. Katika Vita Vikuu vya kwanza watazamaji waliopandishwa kwa baluni walipewa miavuli, ilhali marubani wa ndege wa Kiingereza walinyimwa karibu mpaka mwisho wa vita, na Wajerumani walianza kuivaa ndani ya ndege zao mwaka 1918. Tarehe 28 Aprili 1919, katika uwanja wa McCook, Dayton, jimbo la Ohio, Leslie Irvin aliruka kutoka ndegeni, akaanguka pasipo kufungwa na kamba yoyote, kisha akauvuta mpini kwa mkono wake mwenyewe. Alivunjika kifundo cha mguu katika kutua, lakini aliwathibitishia waliokuwa wakidhani kwamba mtu angukaye huzirai kuwa anguko halimwondolei mtu akili zake wala nguvu za mkono wake. Tangu siku hiyo mrukaji alipewa hiari ya kuchagua wakati wa kufungua. Hiari ya kuchagua mwavuli wenyewe bado.

Hariri ilikuwa ikitoka Japani, na vita vya pili vilipoukata mlango huo Wamarekani waligeukia nailoni, hata Juni 1942 Adeline Gray akaruka kwa mwavuli wa kitambaa hicho kipya huko Hartford, Connecticut. Nailoni ilifumwa kwa mamilioni ya yadi. Kuba ya rubani ilikuwa na upana wa futi 28, ya mtu mnene na ya mtu mwembamba ni hiyo hiyo moja, na vita vilipokwisha zilibaki maghalani nyingi kupita kiasi, zikauzwa rahisi kama bidhaa isiyo na mwenyewe. Wale vijana waliozinunua, wengine wakiwa wameruka vitani na wengine wakiwa hawajawahi kuruka hata mara moja, ndio walioigeuza kazi ya hatari ikawa mchezo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951, na mwaka 1959 Jacques-André Istel, mzaliwa wa Paris, alifungua huko Orange, Massachusetts, kituo cha kwanza cha biashara katika Marekani ambapo raia yeyote aliweza kulipa, akafundishwa, akaruka.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo alitazame jambo lililokuwa likifanyika katika mabanda ya ndege jioni za siku zile. Mrukaji alikuwa akiitandaza kuba yake sakafuni, akazihesabu pande za nailoni zilizoungana tangu kileleni hadi ukingoni, akazitafuta zile za nyuma, akachora kwa chaki, kisha akashika mkasi na kukata. Kila ukingo uliokatwa ulishonewa utepe ili usichanike zaidi. Mwavuli ule ulipofunuka tena angani, hewa iliyokuwa imebanwa chini yake ilitoka kwa nguvu kwa mlango wa nyuma na kuusukuma mbele, na kamba mbili za kuongozea, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, ziliuwezesha kugeuka. Mikato ilikuwa na majina ya herufi ilizofanana nazo, L mbili, T na U, na kila mkato ulikuwa na watetezi wake. Aliyekata kidogo alishuka polepole lakini hakuweza kushindana na upepo. Aliyekata sana alikwenda mbele vizuri na kutua kwa kishindo, kwa kuwa kitambaa kilichoondolewa hakikuwa tena cha kumbeba. Hao ndio walinganishaji wa kwanza wa kweli katika tarehe hii, nami nawastahi, maana hawakulinganisha kwa maneno ya muuzaji. Walilinganisha kwa magoti yao.

Kuba ilifikia ukamilifu wake kwa kazi ya Mfaransa Pierre Lemoigne, ambaye kilele cha mwavuli wake kilivutwa chini kwa kamba ya katikati, na ubavu wake ukapasuliwa mianya mingi iliyopangwa kwa hesabu. Kampuni ya Pioneer ya Connecticut ilichukua ruhusa ya kuufanya, na mwaka 1964 ikautoa kwa jina la Para-Commander. Kwa muda wa miaka kadhaa huo ndio uliotamaniwa na kila mshindani, na aliyeruka kwa kuba ya jeshi iliyokatwa kwa mkasi alimtazama mwenye Para-Commander kwa husuda. Kwa mara ya kwanza mwavuli ulikuwa kitu cha kuwekea fedha akiba.

Mwaka ule ule wa 1964, tarehe 1 Oktoba, mtu mwingine aliomba hataza ya kitu ambacho kingeiondoa kuba mchezoni kabisa. Domina Jalbert alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1904, akaishi kwa ufundi wa tiara na baluni, na karakana yake ilikuwa Boca Raton, Florida. Alichokibuni, akakiita Parafoil, akapewa hataza yake Novemba 1966, hakikuwa kuba bali bawa: kitambaa cha juu na kitambaa cha chini, na baina yao kuta za kitambaa zilizokatwa kwa umbo la bawa la ndege, zikaligawa bawa zima katika vyumba vilivyo wazi mbele na kufungwa nyuma. Hewa huingia kwa midomo ya mbele, ikakosa pa kutokea, ikavijaza vyumba, na kitambaa kilicholegea kama nguo ikiwa kapuni kikawa kigumu chenye umbo. Kuba hushuka, na katika kushuka husogea kidogo. Bawa huenda mbele mita mbili au tatu kwa kila mita moja ya kushuka, na mrukaji akivuta breki zote mbili, yaani kamba zake za kuongozea, karibu na ardhi, bawa huinua pua, likapunguza mwendo, likamweka chini kwa miguu yake.

Lakini bawa lile lilikuwa na ghadhabu ya kufunguka. Lilijaa mara moja, na mtu aliyekuwa akianguka kwa kasi alisimamishwa kwa mshtuko uliomwumiza na wakati mwingine ukakipasua kitambaa. Mafundi walijaribu dawa nyingi za kulichelewesha, na iliyoshinda ni nyepesi kuliko zote: kipande kidogo cha kitambaa cha pembe nne, chenye pete ya chuma katika kila pembe, ambazo kamba zote hupita ndani yake. Mwavuli uanzapo kufunguka kipande hicho, ambacho warukaji hukiita slaida, kiko juu kabisa, kimezikusanya kamba pamoja; bawa lataka kutanuka, na upepo unaotoka chini wakizuia kipande kisiteremke; basi vyashindana kwa muda mfupi, na slaida ikashuka kidogo kidogo mpaka juu ya kichwa cha mrukaji. Bila kipande kile, ambacho mtu anaweza kukikunja akakitia mfukoni, bawa la Jalbert lingebaki kuwa la mashujaa peke yao.

Katika miaka ya sabini kampuni ya Para-Flite ya Steve Snyder iliuza Strato-Star yenye vyumba 5, kisha Strato-Cloud yenye vyumba 7, na viwanjani kukazuka mabishano baina ya watu wa kuba na watu wa bawa. Watu wa kuba hawakuwa wajinga, kama wanavyosimuliwa mara nyingi. Walisema kwamba kuba haina haja ya rubani, na mtu aliyezirai chini yake aweza kufika akiwa hai. Bawa huenda mbele daima, na mtu asiyelivutia breki huupiga ukuta, au mti, au ardhi, kwa mwendo wake wote. Walishindwa, na ilikuwa haki washindwe, kwa sababu bawa liliwapa watu utuaji wa upole na uwezo wa kurudi kiwanjani dhidi ya upepo. Lakini onyo lao lilikuwa kweli tupu, na lilisahauliwa upesi kuliko ilivyofaa.

Basi soko likafunguka, na mnunuzi akaanza kuwa na mambo ya kuuliza. Je, vyumba 7 au 9? Saba hufunguka kwa namna iliyozoeleka na kushuka kwa mteremko mkali zaidi, ndiyo maana vilipendwa na walenga shabaha. Tisa huenda mbali. Kitambaa je? Nailoni ya siku hizo ilipitisha upepo kidogo tu ilipokuwa mpya, na ikachoka kadiri ilivyokunjwa na kusuguliwa, hata baada ya miruko mamia machache bawa likawa halina tena pumzi ya kutosha mwishoni, pale mtu alipolihitaji zaidi. Mwishoni mwa miaka ya themanini kilienea kitambaa kilichopakwa silikoni, kisichopitisha upepo, kinachodumu kwa maelfu ya miruko, na chenye utelezi unaomtaabisha mkunjaji. Kikaja pamoja na umbo jipya lililochongoka pembeni kama yai, na katika miaka ya tisini mabawa yakawa madogo, ya haraka, na mazuri mno kuyatazama.

Hapa ndipo tarehe yetu inapotia huzuni. Mwaka 1991 kilianza kuuzwa kifaa kiitwacho Cypres, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth, ambacho hupima kasi na kimo na kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe endapo mrukaji bado anaanguka akiwa katika mita 225 hivi juu ya ardhi. Kifaa hicho kiliwaokoa wengi waliosahau, au waliozirai, au waliochelewa. Lakini katika muongo ule ule watu walianza kufa kwa njia ambayo Garnerin asingeielewa: wakiwa chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, usio na kasoro, katika siku yenye jua. Waligeuka karibu mno na ardhi. Bawa dogo likivutwa upande mmoja huinamisha pua na kupiga mbizi, likala kimo kingi kwa muda mchache na kuongeza mwendo; aliyeanza mgeuko wake kimo kikiwa cha kutosha huteleza juu ya majani, na aliyeanza sekunde moja baadaye hana cha kufanya. Wengi wao hawakuwa wageni katika mchezo. Walikuwa wamenunua bawa lililowazidi, kwa kuwa rafiki yao alikuwa nalo, au kwa kuwa walijipima kwa idadi ya miruko yao na si kwa miruko waliyoifanya chini ya bawa la namna ile.

Dawa ya kwanza iliyopatikana ilikuwa hesabu. Uzito wa mtu na vyombo vyake vyote, kwa ratili, hugawanywa kwa eneo la bawa, kwa futi za mraba. Mtu wa ratili 165 aliyevaa vyombo vya ratili 25 amefika 190. Chini ya bawa la futi 190 hesabu yake ni 1, na hapo, au chini ya hapo, ndipo panapostahili mwanafunzi. Mtu huyo huyo chini ya bawa la futi 150 amekaribia 1.3, na chombo kimekuwa kingine: chaenda upesi zaidi, chageuka upesi zaidi, na chadai mkono usiosita. Hesabu hii ni kama kina kinachopimwa na mshika bildi: humwambia nahodha pa kutopita, haimfundishi unahodha. Isitoshe ina udanganyifu ndani yake, nao huwaangukia zaidi watu wepesi. Mwanamke wa uzito mdogo aliye na hesabu ya 1 chini ya bawa la futi 135 hana chombo sawa na mwanamume mzito aliye na hesabu ya 1 chini ya bawa la futi 230, maana bawa dogo lina kamba fupi, na kamba fupi humzungusha mtu kwa haraka zaidi. Na hewa yenyewe si moja kila mahali. Bawa lililomtua mtu kwa upole Diani, kusini mwa Mombasa, kandokando ya bahari, litamtua kwa mwendo mkubwa zaidi akilipeleka nyanda za juu kama za Nairobi, mita 1,600 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Na joto la mchana huongeza hilo. Uholanzi na Ufaransa zimeweka majedwali ya sheria, miruko kadha kwa ukubwa kadha. Marekani imepitia zaidi njia ya nasaha na uamuzi wa wenye viwanja. Mimi naona majedwali ni bora, kwa sababu kijana mwenye fedha mkononi na tamaa moyoni hasikii nasaha.

Umbali uliokwendwa na kitambaa hiki unaonekana ukilinganisha miisho yake miwili. Kuba ya jeshi ya futi 28, ikitandazwa, ilikaribia futi za mraba 616. Mwaka 2014, huko Dubai, Ernesto Gainza wa Venezuela alitua salama kwa bawa la futi za mraba 35, ambalo halifikii hata sehemu moja ya kumi na saba ya kuba ile. Alikuwa rubani wa miavuli aliyejifunza kwa miaka mingi, naye alijitayarisha kwa tendo lile moja; wala bawa lile si la kuuzwa kwa mtu atakaye kuruka siku za mapumziko.

Mnunuzi wa leo, kwa hiyo, anayo hiari ambayo hakuna mrukaji wa zamani aliyekuwa nayo, na pamoja nayo anayo njia njema ya kuitumia, kwani watengenezaji wengi humwazima mtu mwavuli wa majaribio kabla hajalipa. Aanze kwa kumpa fundi wa miavuli aukague pamoja na mkoba wake, kwa maana mkoba hushonwa kwa kipimo, na bawa la kitambaa kipya lililo sawa kwa futi laweza kukataa kuingia. Na futi zenyewe watengenezaji hawazipimi kwa njia moja, hata 170 ya huyu ikawa kubwa kuliko 170 ya yule. Kama ni mwavuli uliotumika, atie mdomo katika kitambaa cha katikati apulize, aone kama pumzi yapita. Kisha azivute kamba za katikati na za pembeni pamoja azilinganishe, maana zile nyembamba za Spectra hufupika kwa joto la kusuguliwa na pete za slaida, na za pembeni husuguliwa zaidi, hata bawa likapoteza mlingano wake na kufunguka kwa kuvuta upande.

Kisha aupeleke juu, siku ya upepo wa wastani, katika kiwanja kipana, na aufungue mapema kuliko desturi yake ili apate nafasi. Avute breki zote mbili polepole mpaka alione bawa likikata mwendo na kutetemeka, akaliachie taratibu, akumbuke mikono yake ilikuwa wapi: kifuani, kiunoni, au chini ya kiuno. Ageuke robo, ageuke nusu, atazame kipimo cha kimo kila mara kabla na baada, ajue mgeuko mmoja unamgharimu mita ngapi. Ajaribu kugeuka akiwa na breki nusu, bawa likiwa bapa, kwa kuwa huo ndio mgeuko atakaouhitaji siku atakapoona mtu mbele yake akiwa chini sana. Haya yote ayafanye juu ya mita 600, na chini ya hapo aende moja kwa moja kuukabili upepo na kutua bila madoido. Afanye hivyo hivyo kwa mwavuli wa pili, na ikiwezekana siku hiyo hiyo, ili upepo uwe shahidi mmoja kwa yote miwili. Na kila atuapo aandike katika daftari lake la miruko, kabla hajazungumza na mtu, ni mita ngapi mgeuko ulizila, na kama miguu yake ilisimama au ilikimbia.